Mtani Hashtakiwi

Kuna nchi moja ambayo hutaiona kwenye ramani. Mchora ramani alipofika kuipima alikuta ofisi imefungwa, watu wote wamekwenda msibani, akaona haya kusubiri, akaendelea na safari yake. Ni nchi nzuri sana. Ina bunge, ina mahakama, ina mawaziri wengi kuliko mito, na ina barabara ndefu iitwayo Barabara ya Maendeleo ambayo katikati yake pana shimo.

Kando ya barabara hiyo alikuwa akifanya kazi fundi miavuli mmoja, jina lake Ngwali. Kama kuna mtu aliyeumbwa kwa adabu tupu, basi ni huyu. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Mbuzi wakilala njiani anawazunguka kwa hatua ndogo ndogo na kuwapa pole kwa usumbufu. Mkewe, Bi Mashavu, ambaye ulimi wake haukuwahi kushika kutu, alizoea kusema kuwa siku mwizi akiingia kwao Ngwali atamkaribisha chai kwanza, kisha atamuuliza anatafuta nini ili wasaidiane kukitafuta.

Biashara ya miavuli ilikuwa imeshamiri, na aliyeishamirisha ni Serikali. Maana Serikali ile, kwa kuwajali raia wake, ilikuwa imetunga sheria kwamba yeyote anayemwona mwenzake hatarini asimsaidie atafungwa. Sheria nzuri. Wiki hiyo hiyo kamati nyingine, ambayo haikuwa na taarifa ya kamati ya kwanza, ikatunga sheria kwamba yeyote atakayemsaidia mwenzake akamletea madhara, hata kumchania shati, atafungwa zaidi. Nayo ni nzuri. Raia walipouliza wafuate ipi, waliambiwa wafuate zote mbili, kwa sababu nchi inaheshimu utawala wa sheria.

Raia si wajinga, bwana. Walikaa wakaona kuwa kosa haliko kwenye kusaidia wala kwenye kutosaidia. Kosa liko kwenye kuona. Basi wakaacha kuona. Watu wakanunua miavuli, hata kama hakuna jua wala mvua, na mtu akisikia kishindo mbele yake anauinamisha mwavuli mpaka puani. Asiye na mwavuli aliinama kufunga kamba za viatu. Wenye kandambili nao waliinama, wakafunga kile ambacho hakipo, na askari aliyepita hakuwa na la kuwauliza.

Ikaendelea hivyo mpaka siku balozi wa nchi jirani alipopata kizunguzungu mlangoni pa Bunge, akaanguka chali, na Bunge zima likainama kufunga viatu hadi alipoinuka mwenyewe, akapangusa vumbi, akaenda kuandika kwao. Hapo wakuu wakaona aibu. Bunge likakaa kutafuta kinga ya kumlinda msaidizi, na katika mjadala huo akasimama mbunge mmoja mkongwe, akavuta suruali juu, akasema:

"Waheshimiwa, tunahangaika bure. Katika nchi hii ni nani anayeweza kukuvua kofia msibani kwa baba yako mwenyewe, akaingia kaburini akalala humo akidai hatoki mpaka apewe kuku, akakuita mlafi mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka? Ni mtani. Mtani hashtakiwi. Basi tuseme hivi: mwokoaji awe mtani wa mwokolewa, maneno yaishe."

Wabunge wakagonga meza. Kwa asiyejua, nchi ile ina watu wa namna mbili, watu wa Milimani na watu wa Mtoni. Zamani walipigana vita virefu juu ya chemchemi, mpaka siku moja watu wa Mtoni wakavuka wakaiba chungu cha maharage cha adui, wakafukuzwa, wakakutwa wamekaa wanakula kwa kifuniko. Waliowafukuza nao walikuwa na njaa, wakakaa wakala. Tangu hapo ni watani. Mtu wa Mtoni huitwa mla kambare na hana ruhusa ya kununa. Mtu wa Milimani huambiwa kuwa anaogopa maji, kwamba huogeshwa siku ya kuzaliwa na siku ya kuzikwa, na katikati hapo hujifuta na majani. Naye hucheka, kisha hutafuta la kujibu.

Sheria ikapita. Lakini Serikali yenye busara haiachi jambo likiwa rahisi, kwa hiyo ikaongeza kanuni: utani hautathibitishwa kwa asili ya mtu peke yake, bali pia kwa maneno aliyoyasema wakati wa kuokoa. Anayeokoa huku akitania, huyo ni mtani na ana kinga. Anayeokoa kimya kimya au kwa heshima, huyo ni mvamizi.

Sasa tuje kwenye shimo. Lilianza dogo kama sufuria, likakua kwa bidii zake lenyewe. Masika yakalijaza maji. Lilimeza mkokoteni wa nyanya, likameza na kibao kilichoandikwa TAHADHARI SHIMO. Wizara haikuweza kulifukia, si kwa uzembe, hasha, ila kwa utaratibu: Serikali haigusi kitu ambacho hakijazinduliwa, na shimo lilikuwa halijazinduliwa.

Masika hayo hayo alipotea msambaza barua aitwaye Chande, mtu wa Milimani, rafiki wa Ngwali. Kila asubuhi alikuwa akiegesha baiskeli yake penye kibanda cha fundi na kumwita mla kambare, na Ngwali akimjibu, "Ahsante, na wewe pia." Siku moja mvua ilinyesha, Chande akapita na mfuko wake wa barua, na hakurudi. Mkewe, Bi Sikitu, alikwenda kuuliza Ofisi ya Barua. Wakamwambia bado yuko kazini, barabarani. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku iliyofuata, mpaka Ofisi ikaguswa na bidii ya mfanyakazi yule ikamtunuku nishani ya mtumishi asiyeomba likizo. Nishani aliipokea Bi Sikitu kwa niaba ya mumewe. Aliitia ndani ya kabati la vyombo, akaenda tena kuuliza.

Siku ya kuzindua shimo ikafika. Alikuja Waziri wa Barabara mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Lukumbi Mvungwe, mtu wa Milimani, akiwa na mkasi, utepe na wasaidizi wengi. Wasaidizi wote walikuwa watu wa Milimani vilevile, sadfa ambayo katika nchi ile hutokea mara kwa mara.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "nchi zote zilizoendelea zilianza na shimo. Leo tunalitambua. Mwakani tutaliundia kamati. Na Mungu akijalia, wajukuu zetu watalifukia."

Wananchi wakapiga makofi. Waziri akakata utepe, akarudi nyuma hatua ili apigwe picha vizuri, akatumbukia. Wananchi wakaendelea kupiga makofi kwa kuwa walidhani ni sehemu ya uzinduzi, na baadhi walisema kweli safari hii Wizara imejiandaa. Ni pale kofia ilipobaki peke yake juu ya maji ndipo watu walipoelewa, na barabara nzima ikainama kufunga viatu. Wasaidizi walitazamana. Wao ni watu wa Milimani, na Waziri ni mtu wa Milimani. Utani baina yao hakuna, na bila utani ni jela. Wakasimama ukingoni kwa uchungu mkubwa, wakimpigia Waziri saluti.

Ngwali naye angejificha kama wenzake, maana hakuwa shujaa na hakupenda kusumbua watu. Bahati mbaya mwavuli aliokuwa nao mkononi ulikuwa wa mteja, umevuliwa kitambaa, umebaki mbavu tupu, na kupitia mbavu zile aliona kila kitu. Akashindwa. Alikwenda mbio hadi ukingoni, akainama kidogo.

"Shikamoo Mheshimiwa," akasema.

Waziri, kwa mazoea ya kazi, akafungua kinywa akajibu, "Marahaba," na tope likaingia.

Ngwali akasema samahani, akaingia. Mle ndani mguu wake ulitafuta pa kusimama ukapata kitu kigumu, akapapasa kwa mkono, akakuta usukani wa baiskeli. Akapapasa zaidi akakuta kikapu cha mbele kilichofungwa kwa waya wa mwavuli. Waya ule alikuwa ameufunga yeye. Akajua ni baiskeli ya nani, lakini Waziri alikuwa anazama, basi akapanda juu ya baiskeli ile, akamnasa Waziri kwenye ukosi kwa mpini wa mwavuli, akamsukuma nje, na muda wote huo alikuwa akisema, "Naomba mguu wako Mheshimiwa, samahani Mheshimiwa, nageuka kidogo Mheshimiwa, niwie radhi." Waziri akatoka hai, ubavu mmoja umevunjika, koti limechanika, bila suruali. Suruali ilibaki.

Askari wakamkamata Ngwali kabla hajajipangusa. Mashtaka yalisomwa pale pale: kuvunja ubavu mmoja wa Serikali, kuchana koti la Taifa, na kuisababishia Wizara kukosa suruali hadharani.

"Afande," Ngwali akasema, meno yakimgongana, "mle ndani mna baiskeli ya Chande."

"Wewe umeshtakiwa kwa ubavu," askari akamjibu kwa upole, "hukushtakiwa kwa baiskeli. Usituchanganyie kesi."

Huko mahabusu alikuja wakili aliyepewa na Serikali, msichana mchangamfu aitwaye Tunu, aliyekuwa hajawahi kushindwa kesi kwa kuwa alikuwa hajawahi kupewa. Alipogundua kuwa mteja wake ni mtu wa Mtoni na Waziri ni mtu wa Milimani, karibu acheze.

"Mzee Ngwali, umeshatoka. Wewe ni mtani wake kabisa. Niambie tu, wakati unamwokoa, ulimtania vipi?"

"Nilimwamkia."

"Ukamwambia nini?"

"Shikamoo."

Tunu akaweka kichwa mezani. Alipokiinua aliuliza kama labda, kwa bahati tu, baada ya shikamoo alimwita mla majani, au kitu chochote kidogo. Ngwali akasema hapana, ila alimwomba radhi mara nyingi, na mashahidi wapo.

"Wapo barabara nzima," Tunu akasema. "Hilo ndilo tatizo. Ukipatikana na hatia ni miaka minne."

"Sawa mwanangu. Lakini mahakama si inaweza kuamuru shimo likaushwe? Mle mna baiskeli ya Chande. Mkewe anahangaika."

"Mzee, tushughulike na ubavu kwanza."

Lakini Bi Sikitu habari zilikuwa zimemfikia. Alikuja mahabusu amejifunga khanga kiunoni, akasimama mbele ya nondo, hakulia.

"Shemeji, wanasema uliikanyaga."

"Niliikanyaga, shemeji. Nisamehe. Sikuwa na pengine pa kusimama."

"Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe."

Bi Sikitu akakaza fundo la khanga. Kisha akasema Ofisi ya Barua bado wanamwambia yuko barabarani, na kweli, sasa anaona hawakumdanganya. Ngwali akamwahidi kuwa mbele ya hakimu atalisema jambo hilo hata kama ndilo neno lake la mwisho, shimo likaushwe, mtu atolewe, azikwe kama watu. Tangu siku hiyo hakuwa na wazo jingine kichwani.

Huko nje, sheria ilikuwa imeanza kuzaa matunda. Wananchi wa nchi ile hawaruhusiwi kumsema kiongozi, na ni haki, kwa sababu viongozi wana mambo mengi ya kufikiria. Lakini kesi ya Ngwali iliwafumbua macho: kumbe ukiwa unamwokoa, sharti umseme. Wacha wee. Siku ile ile Katibu Mkuu wa Wizara ya Maji, mtu wa Milimani, alipiga chafya kwenye ngazi. Watu wa Mtoni waliokuwa hapo wakamrukia, wakambeba juu juu hadi hospitali, na njia nzima wakamtania juu ya mabomba makavu, juu ya kisima kilichochimbwa shambani kwa mkwewe, na juu ya lile tangi ambalo lilifunguliwa mara tatu na halijawahi kushika tone. Alifika hospitali mzima wa afya, ila machozi yanamtoka. Mkuu wa Mkoa mmoja, mtu wa Mtoni, alipiga miayo mkutanoni; watu wa Milimani wakamwokoa mpaka jioni. Mwenye hospitali isiyo na dawa aliokolewa mara mbili kwa siku moja. Viongozi wakaanza kutembea na vibao shingoni vimeandikwa NIKO SALAMA, na Baraza la Mawaziri likapiga marufuku kiongozi yeyote kujikwaa, kupaliwa, au kuonekana amechoka.

Bi Mashavu alipoyaona hayo akajua kuwa mumewe peke yake ndiye atakayefungwa, tena kwa adabu. Naye ni mtu wa Milimani, na kwa miaka yote ya ndoa alikuwa amemtania Ngwali asubuhi, mchana na jioni, na mume hakuwahi kurudisha hata moja. Akaja mahabusu na chapati, akakaa kitako.

"Sikiliza mwanamume. Leo nakupa ruhusa unitukanie ukoo wangu wote, hai na wafu. Sema: watu wa Milimani hamuogi."

"Watu wa Milimani," akaanza Ngwali, "hamuogi sana."

"Ondoa sana."

"Hamuogi... isipokuwa wale wanaooga."

"Mungu wangu. Haya, sema Waziri ana tumbo kama gunia la pumba."

Ngwali akafumba macho. "Mheshimiwa ana tumbo," akasema, na akashindwa kuendelea, akaomba maji. Bi Mashavu akaona haiwezekani. Kisha alimkatia chapati, akamlisha, akageukia ukutani afute macho kwa ncha ya khanga, maana pamoja na ulimi wake wote alimpenda sana yule mtu na miaka minne si mchezo.

Siku ya kesi, mahakama ilijaa mpaka madirishani. Waziri alikuja na suruali mpya. Ile ya zamani ilikuwa mezani mbele ya hakimu, imeanikwa, ndiyo kielelezo. Serikali ilikuwa imeivua kwa ndoana mchana kutwa, na ikumbukwe kwamba ndoana ilileta kwanza mfuko wa ngozi wenye barua ndani, lakini kwa kuwa mfuko haukuwa kielelezo, ulirudishwa majini kwa uangalifu, kama ilivyosomwa katika ripoti mbele ya mahakama. Pembeni alikaa shahidi mtaalamu, Mkurugenzi wa Baraza la Utani la Taifa, bwana mmoja mrefu ambaye hajawahi kucheka. Bi Sikitu alikaa benchi la nyuma.

Mashahidi wakaja mmoja mmoja, wote wakasema walisikia samahani, wote wakasema hawakuona kitu kwa kuwa walikuwa wakifunga viatu. Mambo yakaonekana yamekwisha. Ndipo Tunu akasimama, akaomba mteja wake apewe nafasi aonyeshe utani wake mbele ya mahakama, kwani hata fundi cherehani akishukiwa si fundi, hupewa kitambaa ashone. Hakimu Shekiondo, mtu mwenye haki, akakubali.

Ngwali akasimama. Akamtazama Waziri. Akakohoa.

"Mheshimiwa Waziri," akasema, "kwa heshima na taadhima... una tumbo."

Mkurugenzi wa Utani akatikisa kichwa. Mwendesha mashtaka akasimama: "Hayo ni maelezo, Mheshimiwa Hakimu. Tumbo lipo."

"Tena watu wa Milimani," Ngwali akajikaza, "hamuogi. Isipokuwa wale wanaooga, ambao ni wengi, na nawashukuru."

Bi Mashavu akajifunika uso. Hakimu akashika kalamu. Na Ngwali, alipoiona kalamu, akajinyoosha, kwa sababu alijua sasa hana cha kuokoa zaidi ya ile ahadi.

"Mheshimiwa Hakimu, mimi utani siujui. Nifungeni. Lakini kabla hamjanifunga naomba nisikilizwe jambo moja. Mle shimoni mna baiskeli ya Chande, msambaza barua, na Chande hajaonekana tangu masika. Waziri alipata kutoka kwa sababu mimi nilisimama juu ya baiskeli ile. Mmetia ndoana mle mchana kutwa kutafuta suruali. Suruali mmeipata. Mfuko wa barua mmeupata, mkaurudisha. Mtu hamkumtafuta. Mkewe amekaa pale nyuma. Mliweza kulingoja shimo lizinduliwe, lakini yeye hawezi kungoja zaidi. Naomba likaushwe."

Hakimu aliishusha kalamu. Hata Mkurugenzi aliacha kuandika. Waziri alikunja uso, akaanza kuinuka, na hapo mshauri wake akamvuta koti akamnong'oneza kwa haraka. Alichomweleza ni hiki: mtani hanuni. Mheshimiwa akinuna, basi maneno yale si utani, na kama si utani ni ushahidi, na ushahidi lazima uchunguzwe, na shimo litakaushwa, na atakayesimama kizimbani kesho ni mwingine. Lakini Mheshimiwa akicheka, ni utani, na utani haufanyiwi kazi.

Waziri akakaa. Akafikiri. Akacheka.

Kilikuwa kicheko cha mtu aliyepaliwa na muhogo, lakini ni kicheko. Wasaidizi wakakidaka. Mwendesha mashtaka akajishika mbavu. Kikapanda hadi madirishani, watu wakacheka bila kujua wanacheka nini, na hakimu mwenyewe akafuta macho kwa joho, akasema:

"Mahakama imeridhika. Mshtakiwa ni mtani, na ni mtani hodari. Yuko huru. Maneno yake yote kuhusu shimo, baiskeli na msambaza barua yahesabiwe kuwa ni utani, na yasifanyiwe kazi na mtu yeyote."

"Mheshimiwa," akasema Ngwali, "samahani. Sikutania."

Tunu akamvuta shati. "Mzee nyamaza, ni miaka minne hiyo."

"Sikutania, Mheshimiwa. Ni kweli tupu."

Kicheko kikawa mara mbili. Mkurugenzi wa Utani, ambaye hajawahi kucheka, alilaza kichwa mezani akawa anapiga ngumi suruali ya Waziri, akisema huyu bwana ni hazina, huyu anatania bila hata kutabasamu. Ngwali akapaza sauti, kitu ambacho hakuwa amewahi kukifanya tangu azaliwe. Akaapa kwa jina la mama yake. Wakamshangilia. Wakamwinua mabegani wakamtoa nje akiwa bado anakana, na kila alipokana walimtupa juu wakamdaka.

Walipomtua chini mbele ya mahakama, Bi Sikitu alikuwa amesimama hapo. Hakumlaumu. Alisema tu, "Umesema, shemeji. Ahsante," akageuka aende zake, na kwa namna alivyogeuka Ngwali aliona kwamba anakwenda Ofisi ya Barua, kuuliza tena.

"Shemeji, ngoja," akasema. "Twende wote."

Akashika njia ya Barabara ya Maendeleo, na Bi Mashavu nyuma yake, na umati nyuma yao, ukitegemea kuchekeshwa zaidi. Ukingoni alikuwepo askari aliyewekwa kulinda shimo lisichezewe, kwa kuwa sasa lilikuwa limezinduliwa, ni mali ya umma.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Nakwenda kuokoa mtu."

"Nani?"

"Chande. Mtu wa Milimani."

Askari akafikiri. Aliijua sheria ya utani kwa moyo. "Basi sema maneno yake," akasema. "Ukiingia kimya nakukamata."

Bi Mashavu akafungua khanga yake na ya Bi Sikitu, akazifunga pamoja, akampa mumewe ncha moja, nyingine wakaishika wao. Ngwali akavua viatu, akaingia na nguo zake za mahakamani, akiishikilia khanga. Akaitafuta baiskeli kwa mguu mpaka akaipata. Akasimama hapo, maji kifuani, akipumua. Umati ukangoja. Askari akatoa pingu akazishika tayari.

"Chande," akasema Ngwali. Akaikaza ncha ya khanga kiganjani. "Chande ee. Mtu wa Milimani. Maji uliyaogopa kuliko simba, na tangu masika unaoga tu, hujatakata?"

Watu wakacheka. Akainama, maji yakamfika kidevuni, akashika kitu, akavuta.

"Mvivu wewe. Wamekupa nishani ya kutoomba likizo, kumbe likizo ulijipa mwenyewe kimya kimya. Umezikalia barua za watu. Kuna msichana huko anasubiri jibu la mchumba, mpaka meno yamemng'oka kwa kungoja, na wewe umelala. Uliniita mla kambare kila asubuhi, na leo kambare wanakujua wewe kuliko mimi. Toka huko. Mlafi wa maji wewe, toka, tumechoka kukungoja."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuacha, maneno yaliyokuwa yamemkataa mahabusu na mahakamani sasa yalikuja yenyewe, moja juu ya jingine, na alikuwa akivuta huku anayasema. Kikapu kilitokea juu ya maji na waya wake wa mwavuli. Halafu usukani. Halafu kilichokuwa chini yake, na hapo waliokuwa wakicheka wakanyamaza, askari akarudisha pingu kiunoni, akavua kofia.

Bi Sikitu alipiga magoti ukingoni, akaushika ule mpini wa usukani kwa mikono miwili. Alikuwa hajacheka siku nzima.

"Mwambie na mimi, shemeji," akasema, na midomo yake ikawa inacheka na kulia pamoja. "Mwambie chakula chake nimekipasha moto mpaka sufuria imetoboka."

Ngwali akainama juu ya maji, akamwambia.